Kati ya Jumapili na Jumapili: namna ya kumlea mwamini mpya

Mkutano wa injili ukiisha kwenye viwanja vya Tangamano, mjini Tanga, wahudumu hubaki na rundo la kadi mkononi: jina, namba ya simu, mtaa. Jumapili inayofuata idadi hutangazwa, watu hupiga makofi, na kadi huingia kwenye droo ya ofisi. Baada ya miezi 3 ukiwatafuta watu wale ibadani huwaoni, na jibu linalotoka upesi ni kwamba hawakuokoka kweli. Jibu hilo si la haki. Wengi wao walimaanisha kila neno la sala ile. Mafundisho hawakuyakosa, maana mafundisho Tanga yapo ya Jumapili, ya katikati ya wiki, ya redioni na ya kwenye simu. Walichokosa ni mtu wa Jumanne: mtu anayejua kwamba jana wamegombana na mwajiri, kwamba mama mkwe ameanza maneno, kwamba sura waliyoisoma asubuhi imewachanganya na hawana wa kumuuliza.

Makala hii ni ya mtu huyo. Si lazima awe mchungaji wala mwinjilisti. Ni muumini wa kawaida aliyeombwa akae na ndugu mmoja mpya kwa wiki 12 za mwanzo. Akila na Priskila walikuwa washona mahema. Walimsikia Apolo, msemaji hodari, wakaona kuna jambo halijamkaa sawa, wakamchukua kwao na kumweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi (Matendo 18:26). Hawakusimama katikati ya sinagogi kumsahihisha. Walitumia nyumba yao, muda wao, na maelezo ya polepole, na malezi hadi leo hayadai zaidi ya hayo.

Saa 48 za kwanza

Kitu kinachokosewa zaidi kwenye kadi ni namba ya simu. Anayeandika aipige palepale, asikie inaita. Kisha aulize swali ambalo kadi nyingi hazina: simu hii ni ya nani? Kijana wa Makorora huenda ameandika namba ya kaka yake, na dada wa kazi za ndani namba ya mwenye nyumba. Ujumbe wa kumkaribisha darasa la ubatizo ukiingia kwenye simu ya mtu asiyejua lolote, mwenzako amefunguliwa kesi nyumbani kabla hajajifunza hata kuomba. Simu ikiwa si yake, pangeni siku na mahali kwa mdomo, basi. Na anwani iandikwe kama watu wa Tanga wanavyoelekezana: Ngamiani barabara ya ngapi, karibu na duka gani, kwa balozi yupi. "Chumbageni" peke yake haimfikishi mtu popote.

Ndani ya saa 48 mlezi na mwamini mpya wawe wameonana ana kwa ana. Siku ya pili au ya tatu furaha ya mwanzo hushuka, na mtu huanza kujiuliza kama alichofanya kina maana au alichukuliwa na nyimbo. Akiwa peke yake saa hiyo, atajijibu vibaya.

Kukutana huko kwa kwanza kusizidi dakika 30. Msikilize kwanza asimulie kilichomfikisha kwa Yesu, bila kumkatiza na bila kumrekebishia lugha. Msomee 1 Yohana 5:11-13, umwonyeshe kwamba Yohana aliandika ili waaminio wajue kuwa wanao uzima wa milele, wasibaki wakikisia. Omba maneno machache. Pangeni siku ya kuonana tena. Usimpelekee vitabu 4, wala usimwambie mambo ya kuacha. Orodha ya makatazo siku ya kwanza humfanya aamini kwamba amesajiliwa kwenye sheria mpya.

Nani amlee nani

Mwanaume alelewe na mwanaume, mwanamke na mwanamke. Hili halina mjadala katika kazi hii, hata kama mlezi ni mzee wa kanisa na anaheshimika mtaa mzima. Mazungumzo ya malezi hugusa ndoa, aibu na majeraha ya zamani, na ukaribu unaotokana nayo ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani wanapoanza.

Umri nao una uzito pwani. Mzee wa miaka 60 aliyeamini hawezi kukaa akihojiwa na kijana anayempa shikamoo. Atakuja kwa adabu mara ya kwanza, mara ya pili atapata udhuru. Mtafutie mzee mwenzake. Kama hakuna, kijana aende kama msomaji: "Mzee, nimekuja tusome pamoja," na maswali yaulizwe kwa namna inayomwachia mzee nafasi yake.

Jambo la tatu ni umbali. Mlezi aishi mahali anapofikika kwa miguu au kwa baiskeli, na Tanga kwa bahati njema ni mji wa baiskeli. Anayekaa Pongwe akipewa mtu wa Sahare, nauli itaamua mambo badala ya upendo. Halafu idadi: watu 2 kwa wakati mmoja, 3 ukiwa huna watoto wadogo na kazi yako ina saa maalumu. Ukizidisha hapo, utaanza kuwatumia wote ujumbe uleule wa simu na kuuita ufuatiliaji.

Sifa ya mlezi si ufasaha. Ni mtu anayetimiza ahadi ya saa kumi, anayeweza kunyamaza, na ambaye mke wake au mume wake anakubali kwamba ameokoka. Naye awe na mkubwa wake wa kumwendea mara moja kwa mwezi, amweleze kazi inavyokwenda na wapi imemshinda.

Saa moja

Kutana mara moja kwa wiki, dakika 60. Mpango unaosimama vizuri ni huu: dakika 15 za habari, 25 za Neno, 10 za agizo la wiki, 10 za maombi. Si lazima kuangalia saa kila wakati, ila ujue kwamba sehemu ya habari ikiachwa huru inameza saa nzima, na sehemu ya agizo ikisahauliwa saa nzima imepotea.

Kwenye habari kuna maswali mawili. La kwanza ni la kawaida, wiki imekwendaje. La pili ndilo lenye kazi: "Lile ulilosema utalifanya, limefikia wapi?" Likiulizwa kila wiki, bila ukali, swali hili ndilo linalomfundisha mtu kwamba Neno husomwa ili litendwe. Akijibu hakulifanya, usihubiri. Muulize kilichomzuia, mlipunguze lilingane na nguvu zake, aende nalo tena.

Kwenye Neno someni fungu la mistari 10 hadi 15, mara mbili, mara moja kila mmoja. Kisha maswali yaleyale kila wiki hadi ayashike kichwani: Fungu linasema nini? Linatuonyesha nini kuhusu Mungu? Linaniambia nini mimi? Nitafanya nini kabla hatujaonana tena, na nitamsimulia nani? Maswali yakiwa yaleyale, baada ya wiki chache anaweza kuyauliza mwenyewe akiwa peke yake, na hiyo ndiyo nia. Mlezi anayekuja na somo jipya la kurasa 6 kila wiki humfanya mwenzake awe msikilizaji wa daima. Pima hivi: ukiona umesema zaidi ya theluthi ya muda, umekuwa mhubiri, na mhubiri anaye tayari.

Agizo liwe jambo moja lenye siku na lenye mtu. "Nitakuwa mvumilivu" halina mahali pa kushikia. "Alhamisi nitampelekea fundi baiskeli deni lake la 5,000" linaweza kuulizwa wiki ijayo.

Maombi yawe mafupi na ya maneno ya kila siku. Kuanzia wiki ya pili mwachie aombe yeye kwanza. Akiyasikia ya mlezi tu, ataamini kwamba kuomba kunahitaji sauti fulani na misemo fulani, na nyumbani hataomba.

Kusoma

Anzeni na Marko. Ina sura 16, inakwenda mbio, na sehemu kubwa ni matukio. Mpango uwe sura moja kwa siku, siku 5 kwa wiki, ili siku 2 zibaki za kufidia. Kwa mwendo huo Marko inakwisha ndani ya wiki 4 hata kwa anayeteleza. Baada yake Wafilipi wiki moja, 1 Yohana wiki moja, Yakobo wiki moja, Waefeso wiki moja (sura yake ya 6 iingie siku ya kufidia), Mathayo 5 hadi 7 wiki moja, kisha Matendo sura 12 za mwanzo kwa wiki 3 za mwisho. Jumla wiki 12.

Marko inafaa kwa sababu nyingine pia. Mapema kabisa, katika sura ya 3, ndugu zake Yesu wanatoka kwenda kumshika wakidhani amerukwa na akili. Mwamini mpya aliyeambiwa nyumbani kwamba amechanganyikiwa anakutana na hilo katika juma la kwanza, bila wewe kulitafuta. Katika sura ya 14 Petro anamkana Bwana wake mara 3, na katika sura ya 16 kijana aliyeketi kaburini anawaambia wanawake wawape habari wanafunzi wake "na Petro". Marko peke yake ndiye aliyelitaja jina hilo mahali hapo. Kaeni hapo. Siku atakapoanguka, hapo ndipo atakapohitaji kurudi.

Kuhusu tafsiri: Union Version ya 1952 ndiyo inayosomwa katika ibada nyingi, na ndiyo nzuri ya kukariri kwa kuwa ataisikia tena na tena. Ila kwa kusoma mara ya kwanza mpe Habari Njema, ambayo Kiswahili chake hakimsimamishi kila mstari. Mzee wa Kidigo anaweza kupewa Agano Jipya la Kidigo. Mambo ya moyoni huingia kwa lugha ya mama. Asiyejua kusoma asionewe huruma. Msomee fungu mara mbili, kisha alisimulie kwa maneno yake tangu mwanzo hadi mwisho, nawe umsahihishe anapokosea. Wengi wasiosoma hukumbuka kisa kizima kuliko sisi tunaotegemea karatasi. Programu za Biblia zenye sauti zipo za bure. Mpakulie kwenye simu mara moja ili asitumie bando kila siku.

Mistari ya kukariri 6 inatosha, mmoja kila baada ya wiki 2. Moja ya mwanzo iwe 1 Yohana 1:9, na aijue kabla hajaanguka. Fundisho la toba linalofika baada ya anguko humkuta mtu ameshaamua kwamba hafai na ameshaanza kujificha.

Ratiba ya mtu, si ya kanisa

Hapa ndipo malezi mengi yanapokufa bila kelele. Kanisa linapanga "Jumatano saa kumi na moja jioni", na mvuvi wa dagaa haonekani mara 3 mfululizo, akaandikwa kwamba amerudi nyuma. Hajarudi nyuma. Wavuvi wa dagaa wa Sahare na Deep Sea wanatoka usiku wa giza wakiwa na taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haivuti samaki, wanapumzika. Mtu huyu hana wiki kama yako, ana mwezi wa angani. Kutana naye mara 3 au 4 katika siku za mbalamwezi, mpe usomaji mfupi wa siku za giza, na mpigie simu mchana akiamka.

Mkata mkonge huingia shambani alfajiri na kazi yake ni ya kipimo. Alasiri yuko huru, lakini mikono inamuuma na amechoka. Soma wewe, yeye asikilize. Mama lishe ana nafasi kuanzia saa tisa alasiri, vyombo vikishaoshwa, na ni vema umsaidie kuvisuuza mkiwa mnazungumza kuliko kumsubiri kwenye benchi. Bodaboda ana mapumziko ya mchana kijiweni lakini abiria akija anaondoka katikati ya mstari. Kwake dakika 30 mara mbili kwa wiki, pikipiki ikiwa imeegeshwa mbali na kijiwe, zinafaa kuliko saa moja inayokatikakatika.

Akikosa mara moja, piga simu. Akikosa mara mbili mfululizo usipige tena simu, nenda. Nenda kazini kwake, siyo nyumbani, kama nyumbani hali haijatulia. Usiende na swali la kwa nini hukuja. Nenda ununue dagaa.

Nyumbani

Tanga ni mji wa koo zilizochanganyika. Katika familia moja utamkuta Mwislamu, Mlutheri na Mwanglikana wakila sahani moja, na hili ni jema linalopaswa kulindwa na Wakristo kuliko mtu mwingine yeyote. Mwamini mpya akitoka kwenye nyumba ya Kiislamu, mlezi asiye na busara anaweza kuharibu katika wiki moja heshima iliyojengwa kwa vizazi.

Kwanza, asikatwe kwao. Aendelee kuamka na kuwasalimu wazazi kama kawaida, ateke maji, alipe ada ya mdogo wake kama alikuwa analipa. Ramadhani asile mchana mbele ya waliofunga, na jioni asaidie kupika futari kama alivyosaidia mwaka jana. Idi aende kuwapa mkono. Msiba wa mjomba ukiangukia siku ya mkesha wa kanisa, aende msibani, na mlezi aende naye. Asitamke neno lolote la kuidharau dini ya wazazi wake, na kama amelisikia kanisani, mlezi amwambie wazi kwamba hilo si la kubeba nyumbani.

Pili, lini aseme na kwa nani. Asikae kwa miezi akijificha, maana siri hutoka, na ikitoka kwa mdomo wa jirani inauma zaidi. Lakini asikimbilie kutangaza. Mchague mtu mmoja wa kuanza naye, mara nyingi mama au dada mkubwa. Aseme mwenyewe, kwa sauti ya mtoto kwa mzazi, na aanze na alichotendewa, kama Yesu alivyomwagiza yule aliyetolewa pepo katika Marko 5:19 aende kwa watu wa kwao. Jizoezeni maneno hayo pamoja. Mlezi asiende kuwa msemaji wake, na kanisa lisipeleke ujumbe wa watu 5 wenye Biblia kifuani; mzazi ataona amevamiwa. Mlezi ajitambulishe baadaye, siku nyingine, kwa hodi na salamu na mazungumzo ya kawaida, ili familia ijue mtoto wao anakaa na nani.

Tatu, picha. Usimpige picha akiombewa, usimweke kwenye stetasi, usimpe kipaza sauti asimulie "alikotoka". Ushuhuda wa hadhara wa wiki ya tatu huwapendeza waliokwisha kuamini na kumwachia yeye bili ya nyumbani. Paulo anamwonya Timotheo juu ya kumpa uongozi mtu aliyeongoka karibuni, asije akajivuna (1 Timotheo 3:6), na jukwaa nalo ni uongozi wa namna yake.

Nne, jina. Mwanaidi si lazima awe Maria wiki ya pili. Mtume tunayemwita Paulo anaendelea kuitwa Sauli katika Matendo hadi 13:9, muda mrefu baada ya Dameski. Kama kanisa lenu lina utaratibu wa jina la ubatizo, hilo lizungumzwe naye wakati wake, kwa hiari yake.

Akifukuzwa, kuwe na nyumba iliyokwisha kupangwa, ya familia yenye heshima, na mzee wa kanisa ajue. Vitisho vya kumdhuru vipelekwe serikali ya mtaa na polisi. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa kila mtu kuamini na hata kubadilisha imani. Hata hivyo mlango wa kurudi kwao usifungwe na upande wenu. Na kwa aliye chini ya miaka 18, hakuna malezi ya faraghani wala ubatizo bila mzazi au mlezi wake wa kisheria kujua. Hapo hatuna nafasi ya kulegeza.

Mke aliyeamini na mume bado, apangiwe muda usiogongana na chakula cha mumewe, na mlezi amsalimu mume huyo kwa jina kila akifika. Wanaoishi bila ndoa na wenye wake zaidi ya mmoja, mlezi asiwatolee hukumu. Makanisa yana taratibu tofauti, kuna watoto na riziki za watu ndani yake. Mpeleke kwa mchungaji na uendelee kusoma naye Marko.

Pesa, hirizi, dawa

Usimkopeshe, usikope kwake. Mwamini mpya mwenye njaa apelekwe kwa mashemasi, au mfuko wa huruma wa kanisa, na msaada upitie huko. Mlezi akiwa ndiye chanzo cha unga na nauli, mwenzake hawezi tena kumwambia ukweli, maana ukweli unaweza kumkosesha unga. Somo hili ni la zamani kwenye pwani yetu. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868 waliwapokea watu waliotolewa utumwani, wakawapa kijiji, shamba na ulinzi. Waliokoa maisha, na hilo liheshimiwe. Lakini mtu ambaye nyumba, kazi na sakramenti zake viko chini ya mkono mmoja hana nafasi kubwa ya kuuliza maswali, na imani isiyoruhusiwa kuuliza hukua kwa shida. Vilevile usimdai zaka wiki ya tatu. Someni 2 Wakorintho 9:7 wakati wake, atoe mwenyewe.

Hirizi atazitaja akikuamini. Huko Efeso waliofanya uganga walileta vitabu vyao wenyewe na kuvichoma (Matendo 19:19). Neno la kuangalia ni wenyewe. Mlezi asimkate mtu hirizi shingoni, asichome cha bibi yake kilichotundikwa mlangoni. Hicho ni cha bibi. Uliza aliipata lini na anaogopa nini akiivua. Hofu hiyo ndiyo ya kuombea. Akiivua kabla hofu haijajibiwa, mtoto akipata degedege usiku atarudi kwa mganga kabla ya mapambazuko, na aibu itamzuia kukwambia.

Kuhusu dawa tusifiche maneno. Mwamini mpya anayemeza ARV aendelee kumeza. Wa kifua kikuu amalize dozi yake, ambayo kwa kawaida ni miezi 6, hata kama ameombewa na anajisikia mzima. Aliyekuwa kwenye unga, yaani heroini, na sasa anakunywa kliniki methadoni, dawa ya kumsaidia kuuacha, hafanyi dhambi, anapona. Mlezi anayemwambia mtu aache dawa kwa imani aondolewe kwenye kazi hii siku hiyohiyo.

Anachokwambia kibaki kwako, na umwambie mapema mipaka yake: mtoto akidhuriwa, au mtu akitaka kujiua, hutanyamaza. Na akianguka, usiishie kwenye pole. Muulize ilikuwa saa ngapi, wapi, na nani. Aliyerudi kwenye mnazi mara nyingi alipita njia ileile ya kilabuni saa ileile akiwa na mshahara mfukoni. Badilisheni njia, saa, na anayeshika pesa siku ya malipo.

Kutoka wawili kufika wanne

Kuanzia wiki ya sita hivi, jozi mbili zinaweza kuungana mara moja kila wiki 2: walezi 2 na waamini wapya 2. Hapo mwamini mpya anagundua kwamba si yeye peke yake anayesinzia akiomba. Wakizidi 6 wachache wataongea na wengine watasikiliza, na tayari mna ibada nyingine. Kaeni barazani au ukumbini, mlango wazi. Pasiwe na kiburudisho zaidi ya maji. Kikundi kinachoanza kupokezana chai ya maziwa na sambusa humfanya asiye na kitu akose sababu ya kukaribisha kwake, kisha akose sababu ya kuja.

Malezi haya hayachukui nafasi ya darasa la ubatizo, la kipaimara wala la ukatekumeni. Yanakwenda sambamba nalo. Tarehe ya ubatizo hupangwa na kanisa, mlezi asiiahidi.

Kumkabidhi

Katika 2 Timotheo 2:2 kuna vizazi 4 kwenye mstari mmoja: Paulo, Timotheo, watu waaminifu, na wengine. Kwa hiyo kuanzia wiki ya 9 mwachie mwanafunzi aulize maswali ya Neno, wewe ujibu. Wiki ya 11 aongoze saa nzima, nawe unyamaze hata akikosea kidogo, yazungumzeni mwishoni. Karibu na miezi 6 tangu mlipoanza, mtu mwingine akiamini mtaani kwake, mwende wote wawili, wewe uongoze mara 2 za kwanza, kisha yeye. Akienda peke yake, aje akusimulie.

Wengi hawatakaa Tanga muda wote huo. Vijana wanahamia Dar, wengine wanakwenda machimboni Handeni au mashambani Pangani, na ndani ya juma moja mtu wako ameondoka. Usiseme tu "tafuta kanisa huko". Kabla hajapanda basi, mpigie simu mtu mmoja unayemjua mahali anakokwenda, mwenye jinsia yake, na uwaunganishe wakiwa wote wanasikia. Mpe barua ya kanisa. Kwenye daftari lake mwandikie sura aliyofikia, mistari aliyoikariri, agizo la wiki hiyo, na namba ya mwenyeji. Mpigie Jumapili ya kwanza jioni umuulize alisali wapi. Kama hakwenda, mpigie mwenyeji usiku huohuo ampitie Jumanne.